SEHEMU YA 9: Faili lilikuwepo, mimi ndiye sikuliona



Sehemu ya 8 ilikuwa ya umanjano wa watoto wachanga, nimejibu maswali mpaka simu ikazima. Katikati ya maswali yale kuna moja lilijirudia: "Sista, kadi ya kliniki imeloa mvua, niliipiga picha tukaiweka kwenye laptopu ya baba yake, sasa picha haionekani. Nifanyeje?" Nikasema basi sehemu ya 9 iwe ya kompyuta. Nesi na kompyuta wapi na wapi, najua mtasema. Ila nina deni la kusimulia hapa, na deni lenyewe ni la mtoto wa kilo mbili na nukta moja.

Sitataja kituo wala wilaya. Mama mwenyewe nilimwomba ruhusa, akasema, "Andika tu sista, ila usiniweke picha."

Kliniki kwetu kumbukumbu rasmi ni vitabu vya MTUHA, yale madaftari makubwa mnayotuona tunayafungua mezani. Lakini pembeni tulikuwa na orodha yetu wenyewe kwenye kompyuta: watoto wote waliozaliwa chini ya kilo 2.5, tarehe ya kuzaliwa, uzito, mtaa, na namba ya simu ya mama. Kazi ya orodha hii ni moja tu. Mama akijifungua tunamwambia arudi siku ya saba. Asipoonekana, mimi napiga simu. Mtoto mdogo hana akiba mwilini, siku mbili za kutonyonya vizuri kwake ni nyingi mno, ndiyo maana hatuwasubiri wakumbuke wenyewe.

Kompyuta yenyewe ni ya zamani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Faili linaitwa "Watoto wadogo". Kwenye uso wa kompyuta, pale inapowaka tu, kijana wetu wa kumbukumbu alikuwa ameniwekea shotikati, ile alama yenye mshale mdogo pembeni. Kila Jumatatu asubuhi: washa, bofya mara mbili, soma majina, piga simu. Miezi na miezi. Sikuwahi kuingia ndani ya folda lenyewe, ningeingia kutafuta nini?

Sasa kijana wetu akaenda semina ya wiki mbili. Kabla hajaondoka aliboresha orodha, akaongeza safu ya namba ya simu ya pili (ya baba au ya jirani, maana wamama wengi simu zao huzima), akahifadhi faili kwa mtindo mpya wa Excel. Jina akaliacha lile lile. Akamwonyesha mwenzangu wa wodi ya wazazi, kwamba kuanzia leo majina yaingizwe humu. Siku hiyo mimi nilikuwa mapumziko. Lile la zamani hakulifuta, kwa usalama.

Shotikati yangu ikaendelea kufungua la zamani.

Jumatatu ya kwanza nikafungua, hakuna jina jipya. Ya pili nayo, hakuna. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwambia mkuu wa zamu, "Mama, wiki mbili hatujapata mtoto njiti hata mmoja, elimu ya lishe imeanza kuzaa matunda." Nilitamba kabisa. Ile Jumatatu ya pili kitu kilinigusa kidogo moyoni, nikaamua nihakikishe, nikaingia kwenye folda. Nikakuta alama mbili kubwa za kijani, zote zimeandikwa "Watoto wadogo". Nikafungua ya kwanza. Ni ile ile niliyoizoea. Nikafunga nikaendelea na foleni, maana nje kulikuwa na wamama zaidi ya arobaini na mizani ni moja.

Jumatano yake akaja bibi mmoja na binti yake, mtoto amefungwa khanga mbili na blanketi juu, joto la mchana lile. Nikamwamkia bibi, nikampokea mtoto. Mnajua mikono ya nesi huwa inajua kabla ya mizani. Alikuwa mwepesi na wa baridi, baridi ya miguuni na tumboni pia. Nikamgusa shavu asigeuke kutafuta ziwa. Mizani ikasema kilo 1.8. Nikatazama kadi: amezaliwa na kilo 2.1, leo ni siku ya kumi na mbili.

Niwaelezeni kidogo hapa, maana ndiyo sababu ya yote. Mtoto mchanga kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, kidogo tu, halafu anaanza kupanda, na akifika wiki mbili hivi anatakiwa awe amerudia uzito wake wa kuzaliwa. Huyu alipoteza gramu 300 kati ya 2,100. Hiyo ni sehemu moja ya saba ya mwili wake, na bado alikuwa anashuka. Tukamvua, tukamweka kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tukamfunika kofia, mama akakamua maziwa tukampa kwa kikombe kidogo kidogo, huku gari la rufaa linatafutwa.

Wakati tunasubiri gari, yule binti akaniuliza. Hakuuliza kwa ukali, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Sista, si ulisema nisipokuja utanipigia? Mama mkwe alisema mtoto asitolewe nje kabla ya arobaini. Mimi nikawa nasubiri simu yako nipate la kumwambia. Haikuja, nikajua basi mtoto yuko sawa."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Jina lako halipo kwenye orodha, mama." Akasema, "Si mliniandika mkiwa mnaniona?"

Gari likaondoka nao. Nikabaki na hasira, na hasira ya mtu mwenye kosa hutafuta pa kutua. Ikatua kwa kijana wa kumbukumbu, ambaye alikuwa amerudi siku hiyo hiyo, begi bado mgongoni. Nikamwambia mbele za watu kwamba amefuta majina. Yule kijana hakujibu kwa maneno. Akasema, "Dada, njoo tuangalie pamoja." Akaingia kwenye folda, akabofya mara mbili tatu, na zile alama kubwa za kijani zikageuka kuwa mistari miembamba, kama ukurasa wa daftari. Mafaili mawili. La kwanza mwisho wa jina lina nukta na herufi xls. La pili lina nukta na xlsx. Pembeni yake tarehe: la kwanza lilikuwa limeguswa mara ya mwisho zaidi ya wiki mbili nyuma, la pili jana yake usiku. Ndani ya la pili, watoto wanne. Yule wa kilo 2.1 alikuwa wa pili kutoka juu, namba mbili za simu, kila kitu.

Wengine watatu tuliwapigia pale pale. Wawili walikuwa wazima, wa tatu alikuwa ameshapelekwa hospitali na shangazi yake kwa sababu nyingine. Nikakaa chini.

Kijana akaniambia kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: "Dada, kompyuta haikukudanganya. Ilikuficha tu, kwa sababu imetengenezwa hivyo." Tena akanionyesha kwamba kila nilipofungua lile faili la zamani, juu kabisa kulikuwa na maneno ya Kiingereza, Compatibility Mode, yaani faili ni la mtindo wa kale. Nilikuwa nayaona kila Jumatatu. Nilidhani ni mapambo.

Haya, sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Chukueni maji.

Kila faili kwenye kompyuta lina jina na lina kama jina la ukoo mwishoni, baada ya nukta. Picha nyingi zinaishia na jpg, barua za Word zinaishia na docx, vyeti vilivyoskaniwa mara nyingi pdf. Windows, kama haijaguswa na mtu tangu itoke dukani, inaficha jina hilo la ukoo. Walidhani inapunguza fujo machoni. Lakini fikiria kliniki: nikitoka mlangoni nikaita "Asha!" watasimama wamama watano. Ndiyo maana tunaita Asha wa nani, wa mtaa gani. Kompyuta yetu ilikuwa inaita "Asha" tu, na mimi nikamchukua aliyesimama wa kwanza.

Na wahuni wanaijua tabia hii zamani. Mwezi Mei mwaka 2000 kilitokea kirusi cha barua pepe kilichoanzia Ufilipino, watu wakakiita ILOVEYOU. Kilikuja kama barua ya mapenzi, faili limeandikwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT, na TXT ni maandishi matupu, hayana madhara. Ila jina halikuishia hapo. Mbele yake kulikuwa na nukta na vbs, yaani ni programu, na hiyo ndiyo iliyofichwa. Watu wakafungua, kikaenea kwenye mamilioni ya kompyuta duniani ndani ya siku chache. Kwa hiyo ukiletewa kitu kinaitwa "picha za harusi.jpg" halafu mwishoni kuna exe, hiyo siyo picha mama yangu, usiifungue hata kama imetoka kwa wifi.

Kuondoa mficho huo ni kazi ya nusu dakika. Fungua ile alama ya folda la njano iliyoko mstari wa chini wa kompyuta. Juu yake kuna neno View. Kwenye Windows 10 ukibofya hapo unaona kijisanduku kimeandikwa File name extensions, kiwekee tiki. Kwenye Windows 11 unabofya View, kisha Show, ndipo unakikuta. Basi. Kuanzia hapo kila faili litakuja na ukoo wake. Tahadhari moja: ukibadilisha jina la faili usifute ule mwisho, ukiufuta kompyuta itashindwa kujua ilifungue na nini. Ikikuonya, isikilize.

Hapo hapo kwenye View kuna namna za kuonyesha. Zile alama kubwa kubwa ni nzuri kwa picha. Kwa nyaraka chagua Details, upate mistari yenye jina, tarehe, aina na ukubwa. Ukibofya juu ya neno Date modified, mafaili yanajipanga kwa tarehe ya mwisho kuguswa, bofya tena yanageuka. Lililo jipya liwe juu. Ningekuwa nimefanya hivi ile Jumatatu ya pili, mama yule angepata simu yake siku mbili kabla.

Sasa kuna jambo sikuwaambia. Zile alama kubwa hazikujiweka zenyewe. Mkuu wetu wa zamu, mama yetu mtu mzima anayekaribia kustaafu, macho yake hayamsaidii. Alifundishwa na mwanawe kwamba ukishika kitufe cha Ctrl huku unazungusha lile gurudumu la mausi, vitu vinakua. Akawa anavikuza kila akikaa pale. Na vikikua, safu za tarehe zinapotea, hubaki picha na jina tu. Nilipomweleza alinyamaza muda mrefu, akasema, "Kwa hiyo macho yangu ndiyo yaliyomficha mtoto?" Hapana mama. Tulikuwa wengi tuliomficha, mimi wa kwanza. Ila tusingeweza kurudisha maandishi ya sisimizi halafu tumwambie avumilie, angeacha kabisa kugusa kompyuta na yeye ndiye mwandishi makini kuliko sisi wote. Kijana akaingia Settings, sehemu ya System kisha Display, akakuza kila kitu kwenye skrini mpaka asilimia 150, halafu folda akaliacha kwenye Details. Herufi kubwa na tarehe zipo. Nyumbani kama una mzazi anayesogeza uso mpaka karibu na kioo, mfanyie hivyo hivyo, ni bure.

Ili ule mpangilio usiwe wa folda moja tu, kuna pa kuingia panaitwa Options, ndani yake tena View, kuna kitufe cha Apply to Folders. Unapanga folda moja unavyotaka, unakibonyeza, na mafolda mengine ya aina ile yanafuata.

Shotikati ile tuliifuta. Badala yake kijana alinifanyia kitu kizuri kwenye mstari wa chini. Windows 10 inaruhusu: bofya kulia mahali patupu kwenye mstari ule, chagua Toolbars, kisha New toolbar, halafu onyesha folda unalolitaka. Jina la folda linakaa pale chini karibu na saa, lina kimshale, ukikibofya yanatokea mafaili yote yaliyomo kwa sasa. Tofauti yake na ile shotikati ni kwamba shotikati inakwenda kwa faili moja tu, hata kama limeshazeeka. Hii inafungua mlango wa chumba kizima, uone nani yumo. Kisha akatoa michezo ya karata na vikorokoro vingine vilivyokuwa vimebandikwa pale, tukabaki na vitu vitatu. Windows 11 wameiondoa hiyo Toolbars, sijapenda, lakini kuna njia nyingine: bofya kulia kwenye lile folda la njano la mstari wa chini, utaona orodha ya mafolda, lile unalolihitaji kila siku libandike kwa kipini chake libaki hapo juu daima.

Kuhusu huo mstari wa chini nina kichekesho cha nyumbani kwangu. Mwanangu wa pili akiwa na miaka mitatu alipanda mezani akachezea laptopu ya baba yake. Mstari ukahama kutoka chini ukasimama wima pembeni kushoto. Baba watoto akashtuka, akasema kompyuta imeingiliwa na kirusi, akabeba mpaka kwa fundi. Fundi akamwambia arudi jioni, akatoza shilingi elfu kumi na tano. Mwaka mzima baadaye ndipo nilijua alichofanya yule fundi: aliushika mstari kwa mausi akauvuta chini. Sekunde mbili. Kwenye Windows 10 na za kabla yake mstari huo unahamishika usipofungwa, na kuufunga ni kubofya kulia juu yake, ukaweka tiki kwenye Lock the taskbar. Mwenye mtoto mdogo na laptopu ndani ya nyumba afunge leo. Nimemsamehe fundi, baba watoto bado.

Turudi kwa wamama wa kadi zilizoloa. Wengi wenu mafaili hayajapotea. Ukituma picha kwa WhatsApp ya kwenye kompyuta na kuipakua, kwa kawaida inaangukia folda linaloitwa Downloads, ikiwa na jina refu la Kiingereza na tarakimu ambalo hakuna binadamu angelikumbuka. Ingia Downloads, weka Details, panga kwa tarehe, rudi mpaka mwezi ule uliopiga picha. Utaikuta. Ukiikuta ibadilishe jina palepale, na hapa nina ushauri wangu: anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kwa mfano "2024-03-11 kadi ya chanjo wiki 6". Ukianza na mwaka, kompyuta ikipanga kwa majina itakuwa imepanga kwa tarehe bila wewe kujisumbua, na chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zitafuatana, kisha surua-rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Kila mtoto na folda lake. Kadi ipigwe picha kila mkitoka kliniki, siyo mara moja tu siku ya kwanza, maana picha ya wiki ya 6 haitanionyesha kama mtoto alichoma ya wiki ya 14.

Lakini msinielewe vibaya, kadi ya karatasi njooni nayo. Picha ni ya siku ya mvua.

Na wale wa fleshi. Mama mmoja aliniandikia kwamba alipeleka fleshi steshenari kuprinti cheti cha kuzaliwa cha RITA, aliporudi nyumbani picha zote za mtoto zimegeuka kuwa alama zenye mishale, hazifunguki. Mimi yalinikuta hayo hayo, na kwenye fleshi yangu kulikuwa na picha ya marehemu mama yangu amempakata mwanangu wa kwanza, ndiyo pekee niliyo nayo. Nililia kabla sijauliza. Kirusi kile kwa kawaida hakifuti, kinaficha vitu vyako halafu kinaweka mishale ya uongo mahali pake, ukibofya mshale ndiyo unakikaribisha kwenye kompyuta yako. Kwa hiyo usibofye. Ingia View, weka tiki Hidden items. Visipotokea, ingia Options, kisha View, utoe tiki kwenye Hide protected operating system files, itakuonya, kubali. Vitu vyako vitatokea vimepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Vinakili upeleke kompyuta yenye programu ya kuzuia virusi, viskaniwe, fleshi uisafishe kabisa. Ukimaliza rudisha ile tiki uliyotoa, maana yale mengine yaliyofichwa pale ni ya kompyuta yenyewe, mtoto asije akayafuta. Mama yangu nilimpata, amepauka vile vile, anacheka.

Steshenari hizo hizo, jambo moja zaidi. Unapotuma cheti cha mtoto kiprintiwe, faili linabaki kwenye kompyuta yao. Zaidi ya hapo, ukifungua lile folda la njano, Windows inaonyesha yaliyofunguliwa karibuni, kwa hiyo mteja anayefuata anasoma jina la mwanao bila hata kutafuta. Mwombe kijana wa pale kwa upole alifute mbele yako na aondoe pipa la taka pia. Wengi hawana ubaya, hawajawaza tu. Hata sisi kliniki tulikuwa tunaonyesha orodha ya karibuni kwa kila anayekaa kwenye kile kiti. Sasa tumezima: Options, sehemu ya General, chini kabisa penye Privacy, unatoa tiki.

Mnaotumia simu tu, ambao ndio wengi, mpangilio ni ule ule kwa udogo: tengeneza albamu ya mtoto, picha za kadi zisichanganyike na za keki.

Pale kliniki kuna kingine kimebadilika ambacho hakihusiani na kompyuta. Mama akitoka na mtoto mdogo simwambii tena "usipokuja nitakupigia". Namwambia, "Nisipokupigia, njoo. Asiponyonya, akiwa wa baridi au wa moto, akipumua haraka haraka, akilegea, njoo hata usiku, na mama mkwe mwambie sista ndiye aliyesema." Na kila Jumatatu nikimaliza kusoma orodha nahesabu majina, nalinganisha na kitabu cha wodi. Idadi isipolingana siinuki.

Mtoto yule alikaa hospitali, akapanda gramu kwa gramu, akatoka. Walikuja mwezi wa tisa kwa chanjo ya surua-rubela, amenona, anavuta lanyadi ya kitambulisho changu. Kilo 7.9. Mama yake akachungulia kompyuta akaniuliza kwa utani, ila haukuwa utani wote, "Leo nimo?"

Nikaweka daftari juu ya kioo kufunika majina ya wengine, nikamwonyesha mstari wake. Akausoma polepole, jina, tarehe, kilo 2.1, namba zote mbili. Akasema, "Hiyo ya pili nimebadilisha, andika hii." Nikaandika, nikahifadhi, tukaangalia wote wawili tarehe ikibadilika pembeni.

Niko zamu ya usiku mpaka Ijumaa, maswali nitayajibu Jumamosi. Sehemu ya 10 ni uji: lini, mzito kiasi gani, na kwa nini chupa hapana.